Nyongeza ya Hina

Kama unasoma haya na pembeni yako kuna mgonjwa ambaye kifua chake kinaunguza kama pasi lakini mikono na miguu yake ni ya baridi, acha kusoma. Mpeleke hospitali sasa hivi. Mimi nitakusubiri hapa hapa. Maneno si samaki, hayaozi.

Kama huna mgonjwa, basi kaa. Nataka nikueleze siku moja ya kiangazi na miezi iliyoifuata, ili siku yako ikifika usipoteze saa nilizopoteza mimi.

Watu wa Buyenzi wananiita Mama Nasra. Nauza nguo za mitumba, ambazo sisi Bujumbura tunaziita chaguwa, na kazi hiyo imenifundisha mambo mawili. La kwanza ni kuhesabu mara mbili. Mashati, vifungo, ngazi za msikiti, vyote mara mbili. Mtoto wangu ni mmoja tu, na yeye pia nimemhesabu mara mbili. La pili ni kusoma doa. Shati likiwa limekunjwa, kila kivuli kinafanana na doa. Unalishika kwa vidole gumba, unalinyoosha sana, unaliinua juani. Kivuli kinaondoka. Doa linabaki. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoniokoa, ingawa si mimi niliyeyatumia.

Kiangazi ni msimu wa harusi, na wifi yangu Aziza, dada wa mume wangu, alikuwa anamwoza binti yake mkubwa. Ijumaa akaja Bi Mwanaidi, mpakaji hina wa mtaa wetu, na vikombe vyake na piko yake, ile hina nyeusi.

"Mikono na miguu, bei ni ileile, Mama Nasra," alisema kabla sijafungua mdomo. "Leo sina maneno."

"Sawa. Na nyongeza?"

"Nyongeza ya nini? Hina ni nyanya?"

"Kila kitu kina nyongeza, Bi Mwanaidi. Hata kaburi wanakuongezea udongo juu."

Akacheka mpaka kikombe kikamtikisika. Alipomaliza maua ya juu, akanijazia viganja vyote viwili na nyayo zote mbili, bure, nyeusi tii, utafikiri nimekanyaga oili kwenye gereji ya mume wangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mshindi. Ukumbuke ushindi huo.

Jumamosi tukacheza. Jumapili tukaosha masufuria. Jumatatu alfajiri niliamka kuswali nikitetemeka, meno yanagongana, nikatapika kabla ya kutawadha. Sikushtuka. Sisi hapa homa yoyote tunaipa jina la malaria kabla haijabisha hodi. Kabatini kulikuwa na vidonge vilivyobaki tangu mara ya mwisho, kwa sababu nilipopata nafuu niliacha kumeza, nikaweka akiba. Ndiyo, niliweka akiba ya dawa. Nikavihesabu mara mbili, nikavimeza, nikaenda sokoni. Siku hiyo robota jipya la nguo lilikuwa linafunguliwa, na ambaye hayupo robota likifunguliwa anabaki na soksi za mguu mmoja.

Saa nne asubuhi miguu ikaanza kuuma. Haikuwa uchovu. Ni kama mtu ameshika mifupa ya muundi anaikamua kama nguo iliyofuliwa. Na jua, ambalo nimelivumilia maisha yangu yote, lilinichoma macho hata nikajifunika kanga.

Jirani yangu wa meza ni Mama Dezire, mkazi wa Kamenge, anauza nguo za watoto wachanga. Tumegombania wateja miaka mingi mpaka tumekuwa ndugu.

"Umecheza sana kwa harusi," aliniambia. "Mwanamuke wa umri wako anacheza amekaa."

"Wivu huo. Si ulialikwa?"

"Nilialikwa, nikala, nikakuona. Miguu yako haikugusa chini hata mara moja."

Nilitaka kucheka, shingo ikakataa. Akanishika mkono anipe pole, akauachia upesi.

"Yoo! Mikono baridi hivi na jua hili? Kama samaki ya friji!" Akanigusa paji la uso. "Na huku kunachemka. We, hii si malaria."

"Ni malaria. Nimeshameza dawa."

"Malaria gani ya kuchagua, huku moto, huku baridi? Twende hospitali."

"Apana. Nipe mpaka adhuhuri."

Ndivyo nilivyokuwa nikifanya tangu alfajiri: kupatana. Kwanza nilisema nikifika sokoni nitapata nafuu. Halafu robota likifunguliwa. Halafu adhuhuri. Nimepatana na watu wagumu, pamoja na wale wamama wa Gatumba wanaovusha nguo kwenda Kongo, ambao hawakubali bei hata wakipewa bure. Lakini ugonjwa huu haupatani. Unakubali kila saa unayoutajia, kwa sababu kila saa ni yake.

Kilichofuata sikikumbuki vizuri, nimekipata kwa Mama Dezire, naye amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyomwomba. Anasema nilihesabu mashati yangu, nikapata thelathini na sita. Nikahesabu tena, nikapata arobaini na moja. Mara ya tatu nilifika kumi na tisa nikanyamaza, kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo.

"Kumi na tisa, halafu?" akaniuliza.

"Halafu... zile zingine."

Wakati huohuo akafika mteja, mama mmoja wa Kiriri ambaye huliacha gari lake mbali ili tusimpandishie bei. Akainua koti la sufi, koti zuri, akataja nusu ya nusu ya thamani yake, kisha akajiweka sawa kwa vita.

"Chukua," nikasema.

Mama Dezire anasema wauzaji wa meza tatu waligeuza vichwa. Yule mama mwenyewe aliingiwa na hofu, akalirudisha koti taratibu kama limempiga shoti. "Mama," akaniuliza, "uko mzima?"

"Huyu akikubali bei ya kwanza, huyu anakufa!" Mama Dezire akapiga kelele. "Muite bwana yake! Mbio!"

Akanikalisha juu ya robota. Kituo cha afya walikuwa wamemfundisha, alipopeleka mwanawe chanjo, kwamba kuna ugonjwa unaoingia kwenye damu na kwenye ubongo, na unaweza kutoa vidoa chini ya ngozi. Na kwa sisi weusi vidoa hivyo tuvitafute kwanza mahali peupe, kwenye viganja na nyayo. Akageuza viganja vyangu. Piko. Akanivua viatu, akainua nyayo. Piko.

"Nani alikupaka lami hivi?"

Anasema nilimjibu kwa fahari: "Nyongeza."

Hamisi, mume wangu, alifika na mikono yake ya gereji. Ni mtu mpole, haamini haraka habari mbaya. Aliponiona nimekaa, akapumua.

"Ni malaria na uchovu wa harusi. Nampeleka nyumbani alale."

"Baba Nasra, nyumbani apana. Mugonjwa huyu akilala, haamki."

"Mama Dezire, mimi ndiye naishi naye."

"Na mimi ndiye nafanya biashara naye! We unamuona akiwa amechoka. Mi namuona akihesabu."

Wakabishana juu ya kichwa changu. Kila dakika ya ubishi ule nimeihesabu baadaye, na simlaumu Hamisi, kwani kama ningekuwa na akili zangu ningekuwa upande wake. Ndipo Mama Dezire akanivuta chini kope la jicho, akaona nukta ndogo nyekundu kwenye nyama ya ndani. Akanipandisha mkono wa gauni. Upande wa ndani wa mkono, juu ya pale maua ya hina yalipoishia, palikuwa na vialama vya zambarau, kama mtu amenichoma kwa ncha ya kalamu. Akachukua glasi tupu ya muuza chai, ile glasi nyembamba ya kuona upande wa pili, akaibonyeza juu ya vialama hivyo.

"Njo uangalie, Baba Nasra. Mi nabonyeza. Yanaondoka?"

Hamisi akainama.

"Doa au kivuli?" Mama Dezire akamuuliza.

Mwanamume aliyeoa muuza chaguwa hahitaji kuelezwa zaidi. "Doa," akasema, akatimua mbio kuleta gari.

Gari pekee iliyokuwa tayari gereji ilikuwa ya mteja, haina kiti cha mbele cha abiria. Nililazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama Dezire, ambaye aliacha meza zetu zote mbili wazi. Sokoni kwetu hilo ni jambo la kusimuliwa mwaka mzima.

Hospitali, mabenchi yalikuwa yamejaa. Hamisi, mtu wa adabu, akauliza nani wa mwisho, akakaa nyuma yake. Mama Dezire akapita mbele ya wote, akasimama mbele ya muuguzi. Maneno aliyoyasema nayaandika kama alivyoyasema, maana ni mazuri kuliko dua nyingi, nawe uyashike kichwani:

"Dada, mwili wake uko moto, mikono na miguu iko baridi. Miguu inamuuma sana. Shingo ngumu. Anapumua mbio. Tangu asubuhi hajakojoa. Amechanganyikiwa, na ana madoa, ukiyabonyeza kwa glasi hayaondoki. Ilianza alfajiri ya leo."

Hakulia, hakusimulia harusi. Muuguzi akasimama kabla hajamaliza.

Wakanibana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa kwenye damu. Hakikusoma. Kidole kingine, hakikusoma. Piko ilikuwa imepanda mpaka kwenye kucha. "Nani huyu amejifunga giza mwili mzima?" daktari akauliza, akakihamishia kwenye ndewe ya sikio, kikasoma, na alichosoma hakikumfurahisha. Wakapima malaria: haikuwepo. Sindano ya kwanza ya dawa niliipata kabla Hamisi hajamaliza kutaja jina langu kwa karani wa mapokezi. Daktari alimwambia jambo ambalo mume wangu hulirudia mpaka leo: mngekuja jioni, nisingekuwa na kazi.

Siku mbili sina. Ya tatu nina vipande: baridi ya serumu, ile dripu, ikipanda mkononi, harufu ya sabuni, Nasra wangu, msichana wa miaka kumi na sita, akinifuta midomo na kunisomea Yasini. Siku ya nne nilifungua macho nikaona mbao za dari. Nikazihesabu: ishirini na sita. Nikazihesabu tena: ishirini na sita. Nikalia mpaka mto ukalowa. Nasra akamkimbilia muuguzi akidhani nimezidiwa.

"Mama analia!"

"Analia nini?"

"Anasema ishirini na sita!"

Nyumbani, huku nyuma, ugonjwa ulikuwa umefungua mlango mwingine. Hospitali walitaka kila aliyekaa karibu nami siku za harusi ameze dawa ya kinga. Aziza akakasirika. Mwanawe ameolewa juzi, na sasa mtaa mzima unasikia kwamba harusi yake iligawa ugonjwa. Alikuja kunitazama, akasimama mlangoni, hakukaribia.

"Watu wanasema ni jicho," alisema. "Ulipendeza kupita kiasi. Wengine wanasema ni nyumba yangu. Mi simezi dawa ya aibu."

Nilikuwa sina nguvu ya kuinua kijiko, lakini mdomo ulikuwa umerudi.

"Wifi, nyumba yako haina kosa, na aliyeniona kwa jicho hayupo. Hii kitu inapita kwa pumzi, kwa kukaa karibu. Wametupa dawa. Bure. Umewahi kuniona mimi nikikataa cha bure?"

"Apana."

"Basi meza. Na binti yako ameze, na mkwe. Isije ikawa siku moja umelala hapa nami nimesimama hapo mlangoni."

Akavua viatu mlangoni. Kisha akaingia, akakaa kitandani, akameza mbele yangu kwa maji ya kikombe changu. Siku hiyo ndiyo nilijua nitapona. Mtu anayeshinda mabishano amelala chali ana miaka mbele yake.

Nilikuwa nimekosea hesabu moja. Wiki ya pili piko ilianza kupauka. Viganja vikawa rangi ya chai, halafu rangi ya maziwa ya chai. Nyayo nazo zikasafika, na nikaona nilichokuwa nimekificha: mabaka meusi kwenye wayo wa kushoto, ambayo yangeonekana tangu asubuhi ile kama pangekuwa na ngozi ya kuonea. Kila siku Nasra alinisugua miguu kwa maji ya vuguvugu. Kila siku hina ikatoka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vikabaki vyeusi.

"Hivi bado vina hina, mama."

"Sugua."

Akasugua. Nikamtazama uso wake ukibadilika. Mtoto wa muuza chaguwa, hakuna aliyemfundisha.

Daktari alisema damu haikufika huko siku ile, na kwamba tusubiri mwili wenyewe uonyeshe mpaka wa nyama iliyo hai na iliyokufa, ndipo wakate. Nikapatana naye. Nilimwomba aviache vyote, halafu kimoja, halafu nusu ya kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, ningekuwa na nyongeza ningekupa." Mvua za kwanza zilinikuta bado nakwenda kufungwa kidonda, kila baada ya siku moja, kwenye yale mabenchi ya hospitali, chini ya mabati yanayolia kama ngoma mvua ikinyesha. Katikati ya mvua hizo vidole viwili vikaondoka. Nilipozinduka nilihesabu. Nane. Nikahesabu tena, si kwa mazoea, bali kwa matumaini. Nane.

Sitakudanganya kwamba niliichukua vizuri. Kwa wiki kadhaa sikutaka Hamisi aone mguu. Yeye naye alikuwa na lake: alikuwa hawezi kunitazama bila kuisikia sauti yake mwenyewe ikisema "nyumbani alale". Tuliishi hivyo, mmoja anaficha mguu, mwingine anaficha macho. Mpaka asubuhi moja akaja na ndala zangu. Ya kushoto alikuwa ameijazia raba ya tairi upande wa nje, ameichonga kwa kisu cha gereji, ili nisiegemee hewa. Akaziweka miguuni pangu. Nikazivaa, nikatembea mpaka ukutani na kurudi.

"Inavuta kidogo kulia," nikamwambia.

"Nitaipiga alainimenti," akasema. Ndipo tukacheka, na ndipo akalia.

Sikio la kulia halisikii vizuri tangu hapo. Wateja wanaonitajia bei ndogo wapite upande huo. Nilirudi sokoni mvua kubwa zilipokwisha. Mama Dezire alikuwa ameuza mashati yangu yote na kunitunzia pesa zote. Lile koti la sufi hakuliuza. Alilining'iniza juu ya meza yangu, akiwaambia wateja haliuzwi, ni koti lililoita daktari.

Nikikaa hapo, wamama huniuliza: nitajuaje kuwa si malaria? Najibu hivi. Huwezi kujua, na si kazi yako kujua. Kazi yako ni kushika mikono na miguu ya mgonjwa. Ni kumtazama kama anaogopa mwanga, kama shingo imekaza, kama miguu inamuuma kuliko homa inavyostahili, kama mtoto mchanga analia tofauti, hataki kunyonya, amelegea kama nguo. Usisubiri madoa, kwa wengine hayaji, na kwangu yalipoonekana muda ulikuwa karibu uishe. Ukiyaona, bonyeza glasi, na yasipoondoka kimbia. Hata yakiondoka, mgonjwa akiwa mbaya, kimbia. Usimpe vidonge vilivyobaki. Na ukiambiwa ni malaria, ukarudi nyumbani, ukaona anazidi, rudi tena siku hiyohiyo, ukasimame mbele ya muuguzi kama Mama Dezire. Zaidi ya yote, msikilize anayemjua. Kila mtu ana hesabu yake. Kuna mtoto asiyeacha kuongea, kuna baba asiyekosa kugombana na redio. Siku akikubali bei ya kwanza, usimwache alale.

Kiangazi hiki kilichopita Aziza amemwoza binti wa pili. Ijumaa akaja Bi Mwanaidi na vikombe vyake. Tangu nipone alikuwa ananikwepa, kama vile piko yake ndiyo iliyonikata. Nikanyoosha miguu yote miwili mbele yake, mbele ya wanawake wote, bila kanga.

Akatazama. "Bei ni ileile, Mama Nasra," akasema taratibu.

"Ileile? Hesabu vidole."

Akahesabu kwa macho, midomo ikicheza.

"Hesabu tena."

"Nane," akasema, na nikaona anataka kulia, kisha anataka kucheka. Aziza alikuwa wa kwanza kucheka. "Haya, bei ya nane. Na nyongeza nakupa, viganja na nyayo, kama siku ile."

"Apana, Bi Mwanaidi." Nikaugeuza wayo wa kushoto juu, mweupe, mtupu, na kovu lake. "Nipambe juu kote unavyoweza. Kucha usiguse. Na hapa chini usipake kitu. Mi nyongeza yangu nimeshaipata."